Nimeenda Karonga na ile tripu ya siku moja, ila saa tisa ya wapi jamani?

Haya, mlioniuliza inboksi kuhusu hii tripu ya kwenda Malawi asubuhi kurudi usiku nawajibu wote kwa mpigo. Jina la waandaaji silitaji, sijaja kumharibia mtu riziki. Nauli elfu tisini kwenda na kurudi siilalamikii kabisa, ila chakula na kiingilio cha makumbusho unajilipia mwenyewe na kwenye tangazo walikaa kimya, kwa hiyo weka hela pembeni mapema usije ukaanza kukopana na jirani wa siti kama mimi.

Tuliondoka Kabwe hapa Mbeya saa kumi na nusu alfajiri, kosta moja watu 26, wengi wamama wa biashara. Baridi ya Uyole mpaka Tukuyu mnaijua, nilijikunyata kama kifaranga kilichonyeshewa, supu ya Tukuyu ndo ikanirudisha duniani, halafu tukaanza kushuka kuelekea Kyela na masweta yakaanza kuvuliwa moja moja mpaka yote yakaishia chini ya siti.

Kasumulu, pale mpakani, hapo nawapa maua yao. Kijana wao alishatukumbusha tangu wiki iliyopita pasipoti au hati ya dharura pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na mpakani alisimama na kila mtu mpaka muhuri unagongwa, hasa wale bibi wawili ambao ndo mara yao ya kwanza kutoka nje ya nchi. Kwenye kuchenji hela ndo kila mtu na Mungu wake. Vijana wanakuvaa hata hujashuka, mabunda ya kwacha yamefungwa raba, yule wa kwangu alihesabu kama anachanga karata, nikamwambia kaka lete nihesabu mwenyewe, noti tatu hamna. Akacheka, akaongeza, eti "samahani dada, mkono umeteleza". Sawa.

Ukivuka daraja la mto Songwe saa inarudi nyuma moja, Malawi wako nyuma yetu. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Karonga kutoka mpakani haifiki saa nzima. Nilichokipenda ni kwamba hujioni mgeni, Wangonde na Wanyakyusa ni ndugu kabisa, mama aliyekaa siti ya mbele yangu alishuka akaamkia "mugonile" akaitikiwa kama yuko Ipinda kwao, kule Kyela. Tukaanza na makumbusho, na hapa ndo nilipokereka. Kuna mifupa ya kuigiza ya Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa hapo hapo wilayani Karonga, amesimama mzima mzima shingo ndefu mkia mrefu, watoto wa shule waliokuwepo walikuwa wanamzunguka hawamalizi. Kuna habari za taya la binadamu wa kale lililookotwa Uraha mwaka 1991, la miaka zaidi ya milioni mbili. Kuna Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa aliyewatesa Wangonde mpaka Waingereza wakaja kumnyonga mwaka 1895. Halafu kuna vita ya 1914, Wajerumani waliotoka Tukuyu, enzi hizo wakiita Neu Langenburg, wakaja kuishambulia Karonga mwezi wa tisa wakapigwa wakarudi. Yaani njia ile ile tuliyopita na supu tumboni! Nasoma hapo mwili unasisimka, mara nasikia "haya haya twendeni sokoni". Dakika 35 tu. Sokoni tukapewa masaa matatu.

Soko lenyewe silibezi. Vitenje ni vingi na nilibagein kwa Kinyakyusa changu cha kuungaunga, mama muuzaji akafurahi akaniita mwanangu, akachovya pembe ya kitenje chekundu kwenye kikombe cha maji akaisugua kwenye leso nyeupe, leso ikabaki nyeupe, "unaona, hakichuji". Nikabeba vitatu. Nimefua jana, chekundu kweli hakijachuja, cha kijani ambacho hakukichovya kimenigeuzia mashuka yote rangi ya mchicha.

Chakula tulikula karibu na ziwa, chambo wa kukaanga na nsima, ambayo ni ugali ila laini kidogo, na thobwa ambayo ni togwa yetu hii hii. Samaki mbichi kabisa, hapo sina neno.

Sasa saa tisa. Kiongozi alitangaza "saa tisa kamili wote kwenye gari" akaondoka zake. Simu yangu ilishadaka mtandao wa Malawi ikajibadilisha saa yenyewe, wamama wenye saa za mkononi wako na saa ya Mbeya. Nusu wakafika saa tisa ya Tanzania wakakaa ndani ya kosta joto la Karonga linawapika, sisi tukaja saa nzima baadaye tunatembea kwa madaha na mifuko yetu, tunajiona tumewahi. Nilichoambiwa pale mlangoni siwezi kuandika hapa. Kiongozi anacheka cheka tu, hata pole hakuna, na giza likatukutia njiani tukafika Mbeya saa nne na nusu usiku.

Kichekesho cha siku sasa, yule mama wa Ipinda, mtu wa Kyela damu damu, mchele wa Kyela anaulima mwenyewe, kanunua Karonga kilo kumi za mchele na wenyewe huko unaitwa Kilombero. Kosta nzima tulimtania mpaka Kiwira. Anasema anaenda kuuonja tu.

Nasikia safari ijayo ni Mzuzu. Nitaenda, ila nishamwandikia kiongozi meseji atangaze ni saa ya wapi. Mpaka sasa kaniwekea dole gumba tu.