Paulo alikaidi Roho, au aliandaliwa tu kwa mateso?

Matendo 20:22-23 Paulo anasema Roho ndiye anayemsukuma Yerusalemu, ingawa kila mji anaonywa kuwa vifungo vinamngoja. Sura inayofuata, mstari wa 4, wanafunzi wa Tiro wanamwambia kwa Roho asiende. Sasa tumfuate nani?

Wanaosema alikaidi wana nguvu kwenye andiko lenyewe: 21:4 imenyooka, haizungushi maneno. Na kweli alikamatwa hekaluni.

Wanaosema aliandaliwa wana nabii Agabo (21:10-11). Pale Kaisaria, nyumbani kwa Filipo, alichukua mshipi wa Paulo, akajifunga mikono na miguu, akatabiri kwamba mwenye mshipi atafungwa hivyo. Hakusema "usiende". Waliomsihi kwa machozi ni wenzake, Luka, mwandishi wa Matendo, akiwemo, maana ameandika "sisi". Kwa hiyo huenda hata Tiro Roho alionyesha hatari, na upendo ukaongeza katazo. Kwenye matokeo upande huu unashinda, kwa maoni yangu: katika 23:11 Bwana anamtokea Paulo kizuizini, hamkemei, anamtia moyo na kumtuma Roma. Ila 21:4 bado inawabana, tusifiche.

Ukiwa umeonywa na ndugu zako na safari yenyewe ni ya faida yako tu, soma kama wanaosema Paulo alikaidi. Ukiwa na wito uliopimwa kwa muda mrefu, na wanaokuzuia wanaogopa utaumia, msomo wa pili, kwamba aliandaliwa, utakufaa zaidi.