Mti gani ununue wa kuchongea kiko, ukikosa braya

Kabla ya jina la mti, tazama ukavu wake. Mzeituni mbichi utapasuka tu, na mcheri uliokauka sawasawa utakutumikia miaka. Kipande changu cha kwanza cha mcheri muuzaji aliniapia kuwa ni kikavu. Bakuli likapasuka nilipokiwasha kiko mara ya tatu. Tangu hapo kila kipande nakiweka kwenye mizani kila wiki, naandika uzito ubavuni kwa penseli, na sikitoboi kwa keekee mpaka uzito uache kushuka.

Braya ndiyo kipimo cha miti yote hii. Ni nundu inayoota kati ya shina na mizizi ya kijiti cha pwani za Mediterania, Erica arborea, na huchemshwa kwa saa nyingi kutoa utomvu kabla ya kukaushwa. Miti mingine haivumilii moto wa tumbaku kama braya, lakini ipo inayokaribia.

1. Mzeituni. Huu ndio ningeununua kwanza. Ni mzito, mistari yake inapendeza kuliko braya nyingi, na unasuguliwa kwa msasa hadi ung'ae bila vernishi. Kasoro yake ni kupasuka wakati wa kukauka, basi chagua kipande ambacho ncha zake zimepakwa nta: aliyefanya hivyo alijua kazi yake.

2. Mwaloni wa kinamasi, ambao mafundi huuita morta. Umelala kwenye tope lisilo na hewa kwa maelfu ya miaka, chuma cha majini kikaugeuza mweusi. Unastahimili moto vizuri sana. Unakula makali ya patasi, vumbi lake ni baya, na bei yake ni ya juu, usianze nao.

3. Mpea, kisha mcheri. Ni laini, rahisi kuchonga, na ni mahali pazuri pa kujifunzia. Vuta taratibu mwanzoni hadi utando wa masizi ujijenge ndani, la sivyo kuta zitaungua.

4. Mpingo. Najua wengi wataukimbilia kwa uzuri wake. Mimi nautumia kwa pete ya shingoni mwa kiko tu. Una mafuta na haunywi unyevu, hivyo kiko hutoa majimaji, na vumbi lake huwasha ngozi na mapafu. Tena tangu 2017 jamii nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo ukiuagiza kutoka nchi nyingine uliza vibali.

Usinunue kabisa msonobari, kwa utomvu wake, wala mbao iliyotiwa dawa ya mchwa, wala kipande usichojua kimetoka mti gani. Oleanda, kijiti cha maua cha bustanini, ni sumu. Utakuwa unavuta moshi uliopita humo, na hili silifanyii mzaha.

Kuhusu ukubwa: tundu la tumbaku ni kama milimita 20, na kwa miti hii ninaacha kuta za milimita 8 au zaidi kila upande. Kipande chenye unene chini ya milimita 40 kinakubana mapema. Njia ya moshi ni milimita 4, nayo lazima itokee chinichini kabisa ya bakuli, na hapo ni rahisi kukosea. Kwa hiyo nunua vipande viwili vya gogo moja: cha kwanza cha kujaribia keekee, cha pili cha kiko.