Seti ya JKT inayouzwa Mwanza: kipi ununue, kipi ukashonewe

Kila inapokaribia Juni, vijana waliomaliza kidato cha sita wakiwa wanatafuta majina yao kwenye orodha ya mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, maduka ya nguo ya katikati ya Jiji la Mwanza hutundika mlangoni mfuko wa nailoni wenye bukta, fulana ya kijani, shuka mbili, soksi nyeusi na raba. Bei ni moja kwa vyote. Mzazi aliyeingia mjini asubuhi kutoka Magu au Sengerema, na jioni anataka kuwa kwake, huona kazi yake imekwisha. Lakini mfuko huo ukiupekua kimoja kimoja ukiwa na maelekezo ya JKT mkononi, nusu yake haifai.

Kinachouangusha zaidi ni bukta. Maelekezo yanataka bluu iliyokolea, mpira kiunoni, isiwe na zipu, mfuko mmoja tu nyuma, urefu unaoishia magotini na isiwe na uwazi pajani. Za kwenye seti mara nyingi ni bukta za mpira wa miguu zilizobadilishiwa jina: zimepasuliwa pembeni, zina mifuko miwili ya ubavuni na zinaishia katikati ya paja. Muuzaji atakwambia "hiyo inapita". Mrudishie, nenda kwa fundi cherehani.

Kitambaa kiwe mchanganyiko wa pamba na polista. Polista tupu, ile inayong'aa, haipitishi hewa na huchubua mapaja kwenye mchakamchaka. Pamba tupu hukauka polepole na hurudi, yaani husinyaa, baada ya kufuliwa. Kwa mtu wa umbo la kawaida, kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinatoa bukta mbili kwenye mita moja na nusu. Kabla hujampelekea fundi, kiloweke usiku kucha na kukianika, kirudi chote kinachotaka kurudi mapema. Mpira uwe mpana, sentimita 4 hivi, upigwe mistari miwili ya uzi juu yake. Usiposhonewa hujikunja ndani kama kamba na kukata kiuno. Omba na kamba ya kufunga, kwa sababu kiuno cha kuruta wa wiki ya kwanza si kiuno chake cha mwezi wa pili.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi mpaka waambiwe: kuweka kipande cha pembe nne kwenye msamba. Mishono minne ikikutana sehemu moja, hapo ndipo bukta hufumuka mtu akitembea kwa kuchuchumaa. Kipande hicho huutawanya mvuto. Bukta ikiisha, ijaribu palepale dukani: chuchumaa hadi chini, kisha inua goti lifike usawa wa kiuno. Ikibana, ifumuliwe hapohapo.

Raba nazo zinataka macho. Rangi ni kijani au bluu, na za kwenye seti rangi huwa sawa kabisa. Tatizo ni soli iliyogandishwa kwa gundi tupu, ambayo umande na matope huiachanisha kuanzia kwenye vidole. Pinda raba mbele: ukiona mwanya unafunguka kati ya soli na turubai, iache, au mpelekee fundi viatu aizungushie uzi wa nailoni pande zote. Ijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi ndefu zilezile za kwendea nazo, na mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole. Kisha ivaliwe kila siku nyumbani kabla ya safari. Raba mpya ikianzia kazi kambini huleta malengelenge, na kuruta mwenye malengelenge hufundishwa kwata akiwa anachechemea. Kwenye mitumba ya soko la Mlango Mmoja hupatikana raba imara kuliko mpya za bei hiyohiyo, ila rangi ndiyo ya kuwinda.

Fulana za seti ni nzuri, tena ndizo pekee tunazoweza kuzisifu bila kusita, mradi kifuani hakuna nembo wala maandishi. Soksi ni za kawaida. Ongeza jozi mbili.

Shuka zinatakiwa za bluu bahari. Baadhi ya seti hufungwa shuka za rangi ya anga, iliyopauka, na tofauti hiyo huonekana hangani, kwenye bweni la kambi, vitanda vikitandikwa mstari mmoja. Sugua kona ya shuka kwa kitambaa cheupe chenye maji: kikitoka bluu, shuka hiyo itapaka rangi hata fulana. Ifue peke yake mara mbili kabla ya kuondoka.

Kuhusu tranka, ambalo wauzaji husisitiza linunuliwe pamoja na seti: maelekezo hayalitaji, na kwa mafunzo ya miezi mitatu begi imara la zipu linatosha. Anayekwenda kwa kujitolea akilitaka, akumbuke kuwa namba ya geji, kipimo cha unene wa bati, ikipanda bati ndilo linakuwa jembamba. Bonyeza mfuniko kwa kiganja. Ukizama na kurudi kwa mlio, ni bati la kupondeka ndani ya buti la basi. Komeo lifungwe kwa bolti ambazo nati zake ziko ndani.

Kitu ambacho seti ya Mwanza haina ni nguo za baridi. Aliyepangiwa Rwamkoma, mkoani Mara, hatateseka sana. Aliyepangiwa Mafinga, mkoani Iringa, au Oljoro, mkoani Arusha, atafika huko katika miezi ya baridi kali, akitoka mji ambao wengi hawamiliki sweta. Traksuti ya kijani au bluu imo kwenye maelekezo. Chagua nzito, na sweta juu yake.

Kwa Rwamkoma, basi la njia ya Musoma linapatikana stendi ya Nyamhongolo. Wa Tabora, Dodoma na kusini waende Nyegezi, pamoja na wa kambi za Kigoma, ambao tangu 2025 wanapita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko. Cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vikae kwenye mfuko wa plastiki, kwenye begi la mkononi, visiende kwenye buti. Nauli ya kurudi, ambayo JKT inataka kila kijana aende nayo, iwekwe mbali na ya kwendea.