Siku ya Matembezi na Gelato Mjini Bologna: Uzoefu Wangu

Wageni wengi wanaokwenda Italia kwa mara ya kwanza hukimbilia Roma, Firenze na Venezia. Mimi nilichagua Bologna, ambao kwa treni ya mwendo kasi kutoka Milano ni safari ya takriban saa moja, kwa sababu nilitaka mji ninaoweza kuuzunguka taratibu bila kupanga foleni kila ninapogeuka.

Kinachoufanya mji huu ufae kwa matembezi ni zile varanda zenye matao, portici kwa Kiitaliano, zilizojengwa mbele ya nyumba na kufunika njia ya waendao kwa miguu. Ukizijumlisha zote zinafika kilomita 62, na mwaka 2021 UNESCO iliziingiza sehemu kadhaa za varanda hizo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Faida yake niliiona mchana wa Julai: jua lilikuwa likichoma uwanjani Piazza Maggiore, ilhali mimi nilikuwa kivulini, nikila gelato yangu, yaani aiskrimu ya Kiitaliano, pasipo kushindana nayo isiyeyuke.

Katika uwanja huo lipo kanisa la San Petronio, ambalo uso wake haukukamilika hadi leo, chini marumaru na juu matofali matupu. Ndani yake, sakafuni, umechorwa mstari wa meridiani, yaani mstari wa kaskazini hadi kusini unaoonyesha adhuhuri, wenye urefu wa mita 67 hivi, uliobuniwa mwaka 1655 na mwanafalaki Cassini. Adhuhuri, jua linapofika kilele chake, mwanga hupenya kwenye tundu la juu na kuuangukia. Minara miwili maarufu niliitazama kwa mbali tu, kwani ule ulioinama zaidi, Garisenda, ulizungushiwa uzio mwaka 2023 kwa hofu ya usalama wake, na jirani yake Asinelli, wenye mita 97, nao haupandwi.

Sasa gelato yenyewe. Tofauti yake na aiskrimu ya kawaida ni kwamba ina mafuta machache, husukwa polepole ili isimeze hewa nyingi, na huuzwa ikiwa na baridi pungufu kidogo. Ndiyo maana huwa laini na nzito, na ladha yake huufikia ulimi mapema. Ubora wake waweza kukisiwa kabla ya kutoa pesa. Gelato halisi ya pistashio, aina ya kokwa, ina rangi ya kijani kilichofifia, karibu na kahawia, na ile ya ndizi huwa nyeupe ya kijivujivu. Duka moja nililolipita karibu na uwanja lilikuwa limerundika gelato kama vichuguu, pistashio ikimetameta kijani cha kasuku. Nilinunua kikombe kidogo ili nilinganishe, nikapata sukari na harufu ya arki, basi. Rundo refu la namna ile kwa kawaida husimama kwa msaada wa viimarishaji na mafuta ya mimea. Maduka ninayoyaamini zaidi huhifadhi gelato katika mitungi ya chuma yenye vifuniko, usiione hadi uhudumiwe.

Iliyonifurahisha kupita zote niliila La Sorbetteria, katika mtaa wa Via Castiglione. Niliagiza Dolce Emma, yaani jibini laini la rikota pamoja na tini, nikaongeza fiordilatte, ambayo ni maziwa, krimu na sukari bila yai. Hiyo ya pili ndiyo kipimo changu, maana haina kakao wala karanga za kufichia kasoro. Ilikuwa safi, na haikuniachia utando wa mafuta kinywani. Bei haikuwa ya kutisha: kikombe kidogo cha ladha mbili hugharimu takriban euro 3. Maduka mengine hutaka ulipe kwanza kwa keshia, kisha upeleke risiti kwa anayehudumia.

Kwa wasiotumia pombe, tahadhari ni muhimu: gelato ya ladha ya malaga huwa na zabibu zilizolowekwa katika ramu, na ile ya zuppa inglese kwa desturi hutiwa kileo chekundu kiitwacho alchermes. Uliza kabla ya kuagiza. Mimi niliuliza na nikajibiwa kwa uungwana. Sorbeto ya limau haina maziwa, hivyo humfaa hata yule ambaye maziwa humsumbua tumbo.

Jioni nilipanda hadi kanisa la San Luca kwa kufuata varanda ya matao 666, karibu kilomita nne, ambayo nusu yake ya mwisho ni mlima mtupu. Nawashauri wenye magoti mabovu wapande basi, na wote waianze safari hiyo jua likishapungua. Makumbusho ya gelato ya kampuni ya Carpigiani, inayotengeneza mashine za kazi hii tangu 1946, yako Anzola dell'Emilia, nje ya mji. Anayeyataka ayatengee siku nyingine, kwa kuwa kuyachanganya na San Luca ni kuigeuza siku ya mapumziko kuwa mbio.