Kadi za picha za steshenari moja ya Mwanga, kwa mtoto mwenye usonji

Kwa miezi mitano sasa ninatumia kadi za picha zinazotengenezwa na steshenari moja iliyopo Mwanga, Kigoma Mjini, pamoja na mwanangu wa miaka minne, ambaye ana usonji na bado hajaanza kuzungumza. Seti yetu ina kadi 24 na daftari gumu lenye utepe wa kubandika na kubandua, na niliinunua kwa shilingi 18,000.

Ubora mkubwa wa huduma hii ni kwamba picha hazitolewi kwenye intaneti. Mwenye duka humwomba mzazi apige picha za vitu vya nyumbani kwake kwa simu, kisha huzichapa moja moja na kuzipiga laminesheni. Kwa hiyo kikombe kilicho kwenye kadi ni kikombe kile kile cha bluu cha mwanangu, na mgebuka ni ule uliokaangwa jikoni kwetu. Seti niliyoletewa awali na ndugu yangu kutoka Dar es Salaam ilikuwa na stroberi na glavu za baridi, na mtoto hawezi kuomba kitu ambacho hajapata kukiona.

Kasoro kubwa ipo kwenye karatasi ya maelekezo. Inamwagiza mzazi anyanyue kadi na kuuliza, "Hii ni nini?", na hapo kadi inageuka kuwa mtihani wa majina. Njia ya kuwasiliana kwa kubadilishana picha, iliyobuniwa mwaka 1985 nchini Marekani na Andy Bondy na Lori Frost, haianzi hivyo hata kidogo. Katika hatua ya kwanza kati ya sita, mtu mzima mmoja huketi mbele ya mtoto akiwa na kitu anachokipenda, na wa pili huketi nyuma yake, akiuongoza mkono wake bila kusema neno, hadi aichukue kadi na kuiweka kwenye kiganja cha yule wa mbele, ambaye papo hapo hutaja jina la kitu na kumpa. Anayeanzisha mazungumzo ni mtoto, hata swali la "Unataka nini?" huja katika hatua ya tano. Tulipofuata karatasi ya duka, mwanangu alizitupa kadi kwa wiki mbili. Tulipoiacha, nikakaa mbele na bibi yake nyuma, siku ya tatu alinikabidhi kadi ya ndizi bila kushikwa mkono.

Bibi huyo huyo alikuwa ameniambia, "Mwanangu, akizoea karatasi, ulimi wake utalala." Hofu hiyo ni ya wengi na inastahili jibu la heshima. Mapitio ya tafiti ya Millar, Light na Schlosser, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalichambua kwa kina matokeo ya watu 27 wenye matatizo ya ukuaji waliofundishwa njia mbadala za mawasiliano: asilimia 89 waliongeza usemi, ingawa kwa wengi ongezeko lilikuwa la wastani, na hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua.

Ningependa pia duka limweleze mzazi kwamba kadi haifanyi kazi bila mtu anayeipokea vizuri. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 152 wa umri wa miaka 2 hadi 4, wazazi walitazama na mtaalamu video zao wenyewe wakicheza na watoto wao, wakajifunza kuitikia kile mtoto alichokianzisha. Nafuu katika dalili za usonji ilikuwa ndogo mwanzoni, lakini ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba bado ilionekana miaka kadhaa baadaye. Mimi nilijirekodi kwa simu tu, bila mtaalamu, na hata hivyo niliona waziwazi jinsi ninavyowahi kusema kabla mwanangu hajamaliza kunigeukia.

Kuhusu uimara, kingo hufunguka kadi zikilowa, na laminesheni inayong'aa huficha picha penye jua, omba isiyong'aa.

Seti ya kawaida ina vitu vya kuomba peke yake, wala haina kadi ya kukataa. Niliagiza tatu za ziada, "sitaki", "bado" na "nisaidie", na mwenye duka alizitengeneza siku hiyo hiyo. Ya kwanza kutumika ilikuwa "sitaki", mbele ya bakuli la uji, nami niliuondoa uji.