Nilipeleka picha ya MV Nyayo, nikarudishiwa chombo kingine

Nani aliwatuma waifute kutu? Hilo ndilo swali nililomuuliza kijana wa kaunta, na mpaka leo sijajibiwa. Nilipeleka picha ya MV Nyayo, feri ya kivuko cha Likoni hapa Mombasa, ichapishwe kwenye kanvasi, kubwa, ya kutundikwa sebuleni. Nikapewa chombo ambacho hakijawahi kuvuka Likoni tangu dunia iumbwe: cheupe pee, maji ya buluu ya matangazo ya hoteli, na abiria wote wamerudi ujanani.

Duka silitaji. Liko mjini Mombasa, lina kiyoyozi, lina mashine pana kuliko zote nilizowahi kuziona, na lina wafanyakazi wenye ulimi. Anayetaka jina aje aniulize pembeni.

Kwanza nieleze picha yenyewe, maana bila hivyo mtasema nalia bure. Tuko wachache tulioshikwa na ugonjwa wa feri. Wenzetu wanafuata ndege msituni Arabuko, sisi tunafuata Nyayo, Harambee na Kilindini, zile tatu za mwaka 1990. Kwale na Likoni zilizoletwa 2010 kutoka Ujerumani tunaziheshimu, na Jambo ya 2017 kutoka Uturuki tunaipiga picha ikipita, lakini mapenzi yako kwa wazee. Mtu aliyezaliwa mwaka 1990 leo ana watoto shuleni. Chombo cha umri wake bado kinakwenda ng'ambo na kurudi, kinapelekwa gudini kutengenezwa, kinachomelewa, kinapakwa rangi, kinarudi majini. Watu wanaovuka pale kwa siku wanakadiriwa kufika laki tatu, na wengi wao hata hawainui macho kukitazama. Sisi tunakitazama kwa niaba yao.

Ndani ya feri kamera hatutoi, wala langoni. Kituo chetu ni Mama Ngina, ile barabara ya ufukweni, kwenye mibuyu, asubuhi mapema. Saa hizo jua liko mgongoni mwetu na linaipiga feri ubavuni, kila bonde na kila kovu linaonekana. Jioni usijisumbue, jua linakutazama wewe na feri inakuwa kivuli tu. Tena tunangoja bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji ya bamvua yakipwa, feri inagusa chini kabisa ya mteremko na malori yanapanda yakinguruma, tumbo likikaribia kuramba chuma cha mlango, ule unaoshushwa magari yapite. Kwa maji mafu hupati kitu hicho. Na ukiwa na bahati ya mtende, meli ya makontena inaingia bandari ya Kilindini wakati huohuo: feri lazima isubiri, inabaki ikipigana na mkondo, na nyuma yake ukuta mzima wa makontena unapita taratibu.

Bahati hiyo niliipata, siku za kaskazi, asubuhi isiyo na ukungu. Nyayo imesimama, mlango umeshushwa nusu, meli nyuma. Chini ya kila tundu la kutolea maji sitahani kuna mchirizi wa kutu, mwembamba juu, mpana kadiri unavyoshuka. Karibu na mlango kuna bamba lililochomelewa, pembe zake zimeviringwa, na rangi yake imepishana kidogo na ya jirani yake, kwa hiyo unajua lilikuja baadaye. Pale rangi ilipobanduka unaona rangi ya chini yake, na chini ya hiyo nyingine. Ukingoni yupo hamali kashika mkokoteni, ananyoosha shingo kuona kwa nini hawajafika. Picha hiyo wenzangu waliiona wakanyamaza, na wenzangu si watu wa kunyamaza.

Sasa njoo dukani. Niliacha flashi, nikalipa malipo ya awali, nikaandikiwa risiti. Kwenye fomu kuna mahali pa ukubwa, aina ya karatasi na namba ya simu. Mahali pa kuomba urembo hapana. Sikuulizwa, sikuomba.

Niliporudi kuichukua walikuwa wameisimamisha juu ya meza na kitambaa kimefunikwa juu yake, ati mshangao. Kijana akavuta kitambaa. Nikaona Nyayo inang'aa kama gari la harusi. Michirizi hakuna. Bamba hakuna. Ukingo wa mlango, ambao magurudumu yameutafuna miaka yote hiyo, umenyooka kama umetoka kiwandani jana. Meli ya makontena nyuma imelainishwa mpaka makontena yamekuwa viboksi vya rangi visivyo na maandishi. Mkokoteni wa yule hamali umebaki na gurudumu moja, na yeye mwenyewe anatabasamu. Yule mtu hakuwa akitabasamu! Alikuwa amechelewa kazini!

Kisha nikasoma jina ubavuni. Limeandikwa NYAVO.

Nikamwonyesha kijana kwa kidole. Akaja karibu, akasoma herufi moja moja, akaniambia, "Mzee wangu, hiyo ni programu. Inasafisha yenyewe. Pengine haikuona vizuri." Nikamwambia, wewe uliiona? Akasema yeye anabonyeza tu. Huyo kijana sina neno naye, alikuwa na adabu, na nilimwona anaona haya. Tatizo langu ni madamu wake.

Madamu alitoka ndani na kalamu sikioni, akaitazama picha, akanitazama mimi. "Baba, watu hulipa zaidi kufanyiwa hivi. Wewe umefanyiwa bure." Nikamweleza kwamba mimi nilitaka kutu. Nilisema hivyohivyo, nataka kutu yangu. Akacheka. Na kicheko si kosa, hata mimi ningecheka, lakini akamgeukia bi harusi mmoja aliyekuwa anachagua picha za albamu akamwambia, mbele yangu, "Huyu atuletea vyuma vikuukuu, na ataka vibaki vikuukuu. Kwani nani ataka kutundika kutu ukutani kwake?"

Hapo ndipo kichwa kilipopata moto. Niseme wazi kwa nini, kwa sababu pale dukani nilishindwa, maneno yalinikwama na bi harusi alikuwa ananitazama kwa huruma.

Sisi hatupigi feri kwa sababu ni nzuri. Kuna wenzetu wanaoweka picha zao kwa mpangilio, mlango wa feri ileile mwaka hadi mwaka, waone chuma kimechakaa wapi na kimetengenezwa wapi. Mji huu una sababu ya kutazama. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu na nchi kavu ikiwa imejaza kupita kiasi, watu 272 wakafa, na wapo watu wazima hapa Mombasa mpaka leo hawapandi feri bila kusoma dua. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka MV Harambee likazama na mama na binti yake, na nchi nzima ikakaa siku nyingi ikingoja wapiga mbizi. Baada ya hapo kila mtu akawa anazungumzia mlango wa feri, unainuliwa kiasi gani, unafungwa vipi. Watu ambao hawajawahi kuutazama wakawa mabingwa. Sasa wewe unachukua picha ya mlango huo, ya kweli, yenye kila alama, unaupiga pasi. Kesho mtu akiiona hiyo kanvasi atasema kumbe feri zilikuwa mpya. Huo si urembo. Hapo umeweka uongo mahali pa ushahidi.

Narudi nyuma kidogo, nisiwe mkali kuliko haki. Sidai kwamba mtu wa kuchapisha picha anapaswa kujua historia ya kivuko. Anapaswa kuchapisha alichopewa. Fundi cherehani ukimpelekea kanzu apunguze urefu, hakukatii na mikono kwa sababu kuna joto.

Waliichapisha upya. Haikuwa rahisi. Madamu alitaka nilipe nusu, nikakataa, akasema basi nisubiri mwenye duka arudi, nikasubiri, hakurudi, nikaja siku nyingine. Mwishowe yule kijana ndiye aliyenimalizia kimyakimya, alipokuwa peke yake zamu ya mchana. Aliifungua faili yangu ileile, akainyamazisha ile programu, akanionyesha kwenye kioo kabla hajabonyeza chochote: "Kutu ipo, mzee. Angalia." Tukaikagua pamoja, tundu kwa tundu. Akaniuliza lile bamba ni la nini, nikamweleza. Akaniuliza kama feri ikiwa gudini huwa naenda kuipiga. Kwa dakika chache nikasahau nimekasirika.

Na hapa lazima niseme ukweli: kazi yenyewe, ikifanywa bila wao kutia akili zao, ni kazi safi. Kanvasi imevutwa ikakaza, pembe zimekunjwa vizuri, pini hazionekani. Weusi ni weusi, haukuwa kijivu. Mchirizi wa kutu una rangi yake halisi, ile ya machungwa inayoelekea kahawia, si nyekundu. Nimechapisha kwingine mara kadhaa na sijawahi kuipata rangi hiyo. Kwa mashine na kwa kijana ningetoa nyota tano hata usiku wa manane. Madamu ananirudisha kwenye mbili.

Ile mbovu walinipa niondoke nayo, kwamba hawana pa kuiweka. Nikaipakia kwenye tuktuk pamoja na ile nzuri.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, ndiyo yaliyonifanya niandike, na ndiyo yanayonisumbua. Picha ilikuwa zawadi. Baba wa mwenzetu mmoja alifanya kazi ya kamba na mlango feri miaka mingi. Amestaafu, magoti hayamruhusu tena kushuka ule mteremko. Mwanawe alikuwa ametuambia mzee huuliza habari za Nyayo kama anavyouliza habari za nduguze. Tukaenda jamaa kadhaa, tukakaribishwa kahawa na kaimati, tukamfungulia ile nzuri. Akaitazama. Akaipapasa pale penye bamba. Akasema, "Mmeipiga vizuri, wanangu," akaiweka kando.

Mimi kwa kutaka kuwachekesha watu nikatoa na ile nyingine, nikawahadithia mambo ya duka. Kila mtu akacheka isipokuwa mzee. Aliichukua akaisogeza dirishani, akakaa nayo. "Ilipokuja ilikuwa hivi," akasema. "Hivi hivi. Tulikatazwa hata kuiegemea."

Nikamwambia, mzee, lakini jina limekosewa, tazama hapa. Hakutazama. "Jina nalijua mwanangu. Sihitaji kulisoma."

Nikamwambia mkokoteni una gurudumu moja. Akasema mikokoteni ya siku zile ilikuwa hivyohivyo, wakakata magurudumu wenyewe. Hapo nikajua sitashinda.

Iliyotundikwa sebuleni kwa mzee ni ile ya uongo. Ile ya kweli, niliyoamkia alfajiri, niliyoibishania kaunta, imerudi kwangu na iko nyuma ya kabati kwa sababu ukuta wangu hauna nafasi. Tena mzee akauliza ni mafundi gani waliofanya kazi nzuri vile, nikalazimika kulitaja duka, akawaombea dua ya baraka palepale, mikono juu, na sisi sote tukaitikia amina. Madamu ameombewa dua na mimi nimeitikia!

Kwa hiyo sijui niwape ngapi. Kabla ya siku ile ilikuwa moja, baadaye nikapandisha mbili, jana usiku nilipofikiria mzee alivyokaa dirishani nikaandika nne, na asubuhi nikaifuta nilipokumbuka "vyuma vikuukuu". Mzee kufurahi hakuwafanyi wao kuwa sahihi. Waliotea. Angekuwa ni mtoto wa marehemu mmojawapo wa Mtongwe anataka picha ya feri ya babake, na wao wakaisafisha na kuibadili jina, je? Wangemwambia amefanyiwa bure? Basi ibaki mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya kijana.

Ukienda pale, waandikie kwenye fomu kwa herufi kubwa wasiguse rangi, wasiguse nyuso, wasiguse maandishi. Simama mpaka uone faili yako ikifunguliwa kwenye kioo. Usikubali kitambaa wala mshangao. Picha za harusi na za watoto wapelekee bila wasiwasi, huko ndiko kwao, nimeona albamu ya yule bi harusi na ilikuwa nzuri sana.

Mimi nitarudi, ndiyo, nicheke nisicheke. Nina picha ya Kilindini ya wiki za karibuni, mlango wazi, boda zinatoka zote kwa mpigo, na hakuna mashine nyingine niijuayo mjini yenye upana ule. Nitakwenda mchana, zamu ya kijana. Nikimkuta madamu nitajifanya nimekuja kupiga picha za pasipoti.