Mkoba wa Kiunoni wa Kamera: Uzoefu Wangu katika Miteremko ya Bukavu

Mpiga picha wa harusi anayefanya kazi Bukavu, mashariki mwa Kongo, hutembea kwa miguu kuliko watu wanavyodhani. Mji wetu umejengwa juu ya miteremko inayoshuka hadi Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na nyumba nyingi za Kadutu, mojawapo ya sehemu za mji huu, hazifikiwi na gari. Bibi harusi hushuka kwa vijia na ngazi hadi barabarani, na mwenye kamera humtangulia akishuka kinyumenyume. Katika kazi ya namna hiyo begi la begani huja mbele kila ninapoinama, na begi la mgongoni hunilazimu kulivua kila ninapobadilisha lenzi, wakati chini hakuna pa kuliweka isipokuwa kwenye matope. Ndiyo sababu nilihamia kwenye mkoba wa kiunoni, na baada ya kuutumia wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, nina la kuwaambia wenzangu wanaotaka kununua: kabla ya kuutazama mkoba, tazameni mkanda.

Ninachobeba ni Canon EOS 6D, yenye gramu 770 pamoja na betri, lenzi ya milimita 24-105 ya gramu 670, lenzi ya milimita 85 ya gramu 425, flashi na betri zake za akiba. Vyote vikiwa ndani, uzito unakaribia kilo 2.5. Mtu anaweza kusema kwamba huo si mzigo, na ni kweli kwa mtu aliyeubeba mkononi dakika chache, lakini hapa wote unaning'inia kwenye kiuno kuanzia kanisani hadi ukumbini. Mkanda mwembamba wa sentimita 4, kama ule wa pochi za kuwekea pesa, hukandamiza mwili mahali pamoja, ilhali wenye upana wa sentimita 8 na sponji ngumu hutawanya uzito uleule juu ya eneo mara mbili. Ibonyeze sponji kwa kidole gumba ukiwa bado dukani: kidole kikifika upande wa pili bila kuzuiwa, sponji hiyo italala bapa mapema, na utabaki na mkanda wa kitambaa kitupu.

Afya nayo inahusika. Mbele ya nyonga, karibu na pale mfupa unapochomoza, hupita mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi ya upande wa nje wa paja. Mkanda ukiubana kwa saa nyingi, paja huweza kufa ganzi au kuwaka kama limepakwa pilipili. Anayehisi hivyo aulegeze mkanda au aupandishe kidogo, asivumilie eti sherehe inakaribia kwisha.

Kwa wanawake kuna jambo la ziada, na sijasikia muuzaji akilitaja. Mikanda mingi hukatwa ikiwa imenyooka, lakini kiuno chetu hupanuka kuelekea chini, kwa hiyo ukingo wa chini hubana nyonga huku ukingo wa juu ukiachana na mwili, na mkoba huinamia nje. Wangu ulikuwa hivyo. Niliupeleka kwa fundi viatu sokoni Kadutu, akanivalisha, akauzungusha mara moja na kuniambia, «Mama, aliyeushona huu hakumpima mwanamke.» Alifumua mshono wa juu, akatoa vipande vyembamba vya umbo la kabari kwenye sponji, akavuta kitambaa na kukishona upya kwa uzi wa viatu, hata ukingo wa juu ukawa mfupi kuliko wa chini. Tangu siku hiyo mkanda unanikalia mwilini pande zote, na naona kazi ya Papa fundi imeuongezea mkoba thamani kuliko mifuko yote midogo iliyotangazwa kwenye maelezo yake. Tena, anayevaa kitenge kipya chenye nta ahakikishe upande wa ndani wa mkanda una wavu, kwa sababu nailoni laini huteleza juu ya kitenge na mkoba hushuka kila hatua.

Mkoba wenyewe una nafasi ya kamera ikiwa imefungwa lenzi, na vigawanyo viwili vya velkro. Kifuniko chake hufunguka kuelekea nje, mbali na tumbo, na hilo nalipenda sana, kwani mkono huingia moja kwa moja bila kukikwepa. Kwenye pikipiki nauzungushia upande wa tumbo, kati yangu na motari, yaani dereva wa pikipiki, na sokoni nafanya vivyo hivyo, zipu ikiwa mbele ya macho yangu. Ninapopanda mlima nauweka nyuma kidogo ya ubavu, maana ukiwa mbele paja huusukuma juu kila ninapoinua mguu.

Mvua ndiyo udhaifu wake. Hapa kwetu hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na zipu ya mkoba huu hupitisha maji. Kava ya mvua imo katika mfuko wa chini, lakini kuivalisha kunahitaji mikono miwili, jambo gumu kwa mtu ambaye kamera iko mkononi na mvua imeanza ghafla. Zaidi ya hapo, kava haifuniki upande unaogusa mwili, na maji yanayotiririka mgongoni huingilia huko. Kwa hiyo flashi na betri nazitia kwanza katika mfuko wa plastiki.

Niliununua kwa dola 70, na kwa kazi yangu naona bei hiyo ni ya haki. Mwenye lenzi kubwa ya kuvuta vitu vya mbali, ya milimita 70-200 yenye f/2.8, simshauri aununue: toleo la pili la Canon lina gramu 1,490 na urefu wa karibu sentimita 20, halikai humu likiwa limefungwa kwenye kamera, na likilazwa peke yake huacha nafasi ya betri tu. Huyo atafute mkanda mpana unaouzwa peke yake, kisha atundike mfuko wa lenzi kila upande ili uzito ulingane.